Moshi wa Pilipili Kavu

Vumbi la mahindi lilidondoka kutoka darini kama uzi mwembamba, likapita katikati ya mwali wa jua ulioingia mlangoni, likatua juu ya kofia ya sajini. Kofia yenyewe ilikuwa mezani, kando ya paja la nguruwe ambalo askari wake walikuwa wamelibwaga hapo likiwa bado linachuruzika damu. Otilia aliliona vumbi likishuka, na moyo wake ukashuka nalo. Akachukua kitambaa, akaifuta meza, na katika kuifuta meza akaifuta na kofia, kama mwanamke nadhifu asiyevumilia uchafu nyumbani kwake.

"Iache hiyo kofia, mama," alisema sajini. "Imezoea vumbi kuliko mimi."

"Nyumba ya mjane, afande. Vumbi halimwishi."

"Na panya?"

"Panya nao."

Sajini Urrutia alicheka kidogo, akajivutia kigoda karibu na jiko. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomtia Otilia baridi ya uti wa mgongo. Mtu anayefoka humwonyesha mwenziwe hasira yake inapoanzia na inapokomea. Huyu alikuwa kama kisima kisichojengewa ukingo: hujui umekifikia mpaka umetumbukia.

"Nyama na viazi," alisema, "katika pilipili kavu, kama wanavyopika watu wa milima hii. Tumbo langu limekula maharage ya jeshini mpaka limesahau kwamba nalo lilizaliwa na mama. Vijana wangu wanasema mkono wako unasifika tangu hapa hadi ng'ambo ya bonde."

"Watu husema mengi."

"Kweli. Na mimi kazi yangu ni kuyasikiliza."

Otilia akachukua kisu. Alishukuru kwamba nyama ilikuwa ngumu, maana mikono inayotetemeka huonekana kidogo ikiwa na kazi ya kukata.

Juu ya vichwa vyao, nyuma ya magunia ya mahindi, alikuwa amelala kifudifudi mwanamke ambaye Otilia alimchukia kuliko mtu yeyote aliye hai.

Encarnación, ambaye watu wote walimwita Chona, aliruka ukuta wa zizi mchana ule ule, sketi imechanika, pumzi zinamkatika, na chini ya nguo zake amevaa fulana ya turubai iliyoshonewa mifuko ya risasi kifuani na mgongoni. Makanisa yalikuwa yamefungwa, kengele zimenyamaza, na wanaume wa milimani walikuwa wameinua bunduki dhidi ya serikali. Wanawake kama Chona ndio waliowapelekea risasi, wakitembea barabarani taratibu kama wajawazito.

"Mama, nifiche," alisema.

"Kwangu? Umekosa nyumba nyingine ya kuivunja?"

"Hapa ndipo hawatanitafuta. Kila mtu anajua jinsi unavyonichukia."

"Na wanajua kweli."

Kweli tupu. Fermín, mwanawe wa pekee, alikuwa kijana wa kondoo na gitaa mpaka alipomwoa huyu. Usiku kwa usiku Otilia aliwasikia wakinong'ona juu ya vita, na asubuhi akawaambia wote wawili, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Hawakumsikia. Fermín akaenda, akafia kivukoni, wala maiti yake haikurudi. Siku ya kumwombea, mbele ya mlango wa kanisa uliopigwa misumari, Otilia alitema mate miguuni pa Chona, na kijiji kizima kikaona. Tangu hapo hawakupeana hata salamu.

Mchana ule alikuwa amekwisha kunyoosha kidole kuelekea mlangoni, amfukuze, ndipo wote wawili waliposikia kwato. Chona alipanda ngazi ya darini kama paka. Otilia, bila kujua nani aliyemtuma, aliiondoa ile ngazi nyuma yake, akazikata kamba za ngozi kwa panga, akavurumisha miti mirefu miwili kwenye boma la zizi, na zile pao fupi za kukanyagia akazisukuma motoni. Zilikuwa zinawaka sasa, moja baada ya nyingine, mbele ya miguu ya sajini, na moto wake ulikuwa mzuri.

Alitia nyama chunguni na maji kidogo, chumvi, na kitunguu saumu kilichopondwa, aiache ichemke mpaka maji yakauke na nyama ijikaange katika mafuta yake yenyewe. Akaketi kumenya viazi. Askari mmoja, jina lake Cipriano, mrefu mwenye masharubu yaliyoanguka, aliegemea mlango akichokonoa meno. Wengine wawili walikuwa uani na farasi.

"Wanasema wewe na mkweo hampikiki chungu kimoja," sajini alianza.

"Hatupikiki."

"Amepita huku leo. Tumemfuata tangu kwenye mto, tukampoteza kwenye mashamba ya mawe. Sina ugomvi nawe, mama. Mimi pia nina mama. Ninachofikiri ni hiki: mtu aliyenipokonya mtoto wangu, je, ningemwonea huruma?"

Otilia aliendelea kumenya. Ganda la kiazi lilizunguka kisu, refu, bila kukatika.

"Alikuwa na umri gani, mwanao?"

"Wa kuoa," alisema Otilia. "Hakuwa na wa kufa."

"Unaona? Nitajie tu penye uwezekano. Nyumba ya shoga yake, pango, kisima. Neno moja."

Lakini halikuhitajika hata neno. Otilia alilitambua hilo na jasho likamtoka kwapani. Ingetosha ainue macho. Ainue macho tu kuelekea dari, kama mtu anayetafuta nzi, na mambo yote yangekwisha: ile sauti iliyomnong'oneza mwanawe usiku ingenyamaza, naye asingekuwa amesema lolote la kuungama mbele ya padri yeyote. Aliogopa bunduki iliyokuwa mlangoni. Lakini kuliko bunduki aliyaogopa macho yake mwenyewe, yasije yakapanda bila ruhusa yake. Akayafunga kwenye kiazi, kama mtu anavyomfunga mbwa.

"Angekuja hapa," alisema hatimaye, "ningempokea kwa panga."

Cipriano alicheka mlangoni. "Afande, huyu bibi tumwandikishe jeshini."

Sajini hakucheka. Alikuwa ameinama, anautazama moto.

"Kuni zako zimechongwa vizuri, mama. Mviringo, laini. Za nini hizi?"

Otilia alichukua kiazi kingine. "Kitanda cha marehemu mume wangu. Nakichoma kidogo kidogo. Wanaume wote wamekwenda, nani atanikatia kuni?"

"Anachoma kitanda!" Cipriano alisema. "Basi huyu haolewi tena."

"Aolewe na nani, na wewe?" alisema sajini, na safari hii alitabasamu. Akausukuma ule mti ndani zaidi kwa ncha ya buti lake, cheche zikaruka.

Nyama ilianza kulia mafutani. Harufu yake ilijaa chumba, nzito na tamu, na farasi uani wakapiga chafya. Otilia alitoa nyama, akamwaga viazi vilivyokatwa vipandevipande katika mafuta yale yale, akavigeuza mpaka vikapata rangi ya dhahabu. Mikono ilijua kazi yake. Aliistaajabia, ikifanya hivi na vile kwa utulivu, kama mikono ya mwanamke mwingine ambaye siku yake ilikuwa njema.

Kisha akafika kwenye pilipili.

Zilining'inia ukutani katika kamba, zile ndefu nyekundu ambazo zikikauka hulia kama kayamba, na zile pana nyeusi zilizokunjamana kama uso wa kikongwe. Alizishusha, akazipasua, akakung'uta mbegu katika bakuli. Kazi iliyofuata kila mpishi wa milima ile aliijua: kuzichoma kavu kwenye komali, lile bamba la udongo la kuokea mikate ya mahindi, mpaka zitoe harufu. Na harufu hiyo ilikuja na moshi. Moshi wa pilipili hauna kelele wala rangi, lakini ukiingia kooni, hata bubu husema. Nao hupanda juu. Hupanda moja kwa moja, hupenya katika nyufa za mbao, hukaa darini.

Otilia alichukua chungu cha maji ya moto, akaanza kuzitumbukiza pilipili zikiwa vile vile.

"Mama," sajini alisema.

"Naam, afande."

"Huzichomi?"

"Zimekauka sana mwaka huu. Zikichomwa zitakuwa chungu."

"Mama yangu alizichoma hata mwaka wa ukame." Sauti yake ilikuwa pole kama maziwa. "Bila kuchoma ni maji mekundu tu. Mpishi wa kusifika hawezi kusahau hilo. Labda kuna jambo limemchanganya."

Cipriano aliacha kuchokonoa meno.

"Nimesahau kwa sababu mna bunduki nyumbani mwangu," alisema Otilia. "Nani asiyesahau?"

"Haya. Nimekukumbusha."

Akaziopoa pilipili, akazipangusa, akaliweka bamba motoni. Fikira zake zilikimbia kama kuku aliyekatwa kichwa. Akizichoma taratibu, kwa ustadi, moshi utakuwa mdogo. Wanaume hawa wataguna na kujikuna pua, basi. Lakini yule wa juu, aliyelala kwenye vumbi na joto, utampata mwembamba kama sindano, na atakohoa. Kikohozi kimoja katika chumba kilichonyamaza. Akabandika pilipili ya kwanza. Ikajikunja, ikatoa sauti ndogo kama ya mdudu. Pilipili ya pili. Alihisi mwasho wa kwanza puani. Juu, ubao ulilia, kidogo tu, kama mtu aliyejikaza.

Kikohozi kimoja ni cha mtu, aliwaza. Vikohozi vingi ni vya moto.

Akazigeuza pilipili upesi, akaziondoa zingali nzima, akazitia majini. Kisha, kama mtu aliyejikwaa, akaliinamisha bakuli na kuzimwaga mbegu zote juu ya makaa.

Hakujua, na hata miaka baadaye hakuwahi kujua, kama mkono ule ulikuwa wa mwenye kuokoa au wa mwenye kulipa kisasi. Alijua kwamba moshi ule ungeweza kumtoa mtu roho mahali pasipo na dirisha. Alijua, na mkono ukamwaga.

Mbegu zililipuka kama mvua juu ya mabati. Chumba kikawa pango la miiba. Cipriano alipiga yowe, akatoka mbio akijishika macho. Sajini alisimama, akaangusha kigoda, akakohoa mpaka akainama, akakohoa tena, akapapasa kuta kuutafuta mlango. Farasi walivuta kamba zao. Na Otilia, aliyekuwa katikati ya moshi, alikohoa kuliko wote. Alikohoa, akalia, akamwita Bikira, akawaita watakatifu wote aliowajua, akapiga masufuria chini, kwa maana juu yake, kati ya yowe na yowe, alimsikia yule mwingine, akikohoa kwa sauti iliyofukiwa na nguo, sauti ya mnyama ndani ya gunia.

Akajikokota hadi uani, akaanguka magotini karibu na pipa la maji. Askari walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja.

"Ametuua!" Cipriano alisema. "Kikongwe ametushinda bila risasi!"

"Bakuli limeniponyoka," alisema Otilia. "Nisameheni. Mikono yangu."

Sajini alijimwagia maji usoni, akajipangusa kwa mkono wa shati. Kicheko kikapungua, kikafa. Moshi ulitoka mlangoni kwa uvivu. Ikawa kimya.

Na katika ukimya ule, ndani ya nyumba, mtu akakohoa. Mara moja tu.

Otilia akakohoa papo hapo, lakini alikuwa amechelewa, kama mtu anayeziba mtungi uliokwisha kumwagika.

"Nani huyo?" aliuliza sajini.

"Mimi."

"Nilikuwa nakutazama mdomo, mama."

Hakuna aliyesogea. Kuku mmoja alipita kati yao akidonoadonoa. Otilia alihisi mkojo wa moto ukimtelemka pajani, wala hakuona aibu. Hofu ilikuwa imekunywa kila kitu kingine. Aliyaona yale macho ya sajini, mekundu, yenye machozi, na nyuma ya machozi hamna kitu. Huu ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nafasi haikuwahi kuwa wazi kama hivi: akisema sasa, ataonekana mwenye akili; akinyamaza, atakufa pamoja na mwanamke asiyempenda. Akafungua kinywa.

"Ni panya," alisema. "Nilikwambia."

"Panya anayekohoa."

"Kwa moshi ule, afande, hata mawe yangekohoa."

Wakaingia ndani. Sajini alitazama juu kwenye kilango cheusi cha dari. "Ngazi iko wapi?"

"Ilioza."

Alitazama jiko, mahali kipande cha mwisho cha mti wa mviringo kilipokuwa kikigeuka kaa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaivuta meza katikati ya chumba. "Cipriano. Panda."

Cipriano alipanda mezani, akashika kingo za kilango, akajivuta, akaingiza kichwa na mabega. Miguu yake ilining'inia mbele ya uso wa Otilia. Kisha miguu ile ikaanza kupigapiga hewani, na mtu mzima akaporomoka chini na meza yake, akitapika mate.

"Kuzimu!" alisema alipoweza. "Moshi wote umekaa huko, afande. Macho yangu! Hakuna kiumbe anayeweza kukaa humo akawa hai."

"Umeona nini?"

"Nione na nini? Magunia. Giza. Kama unataka, panda mwenyewe."

Siku nyingine jeuri hiyo ingemgharimu Cipriano. Sajini aligeukia mlango. Alichukua bunduki iliyoegemea mlango, akailenga dari bila haraka, akapiga.

Mlio ulijaa chumbani, ukatoka. Katika tundu la ubao yalianza kumiminika mahindi, punje za manjano, mfululizo, zikidundadunda sakafuni. Sajini aliinua kichwa, akasikiliza. Otilia naye alisikiliza, na hakuwahi maishani mwake kusikiliza hivyo, hata siku alipozaa akisubiri mtoto alie. Alisubiri mguno. Alisubiri damu itiririke kati ya punje. Mahindi yakamiminika, yakapungua, yakakoma.

Ndipo alipopiga magoti na kuanza kuyazoa kwa vidole vyote, akilia kweli kweli.

"Mahindi yangu! Ndiyo chakula changu mpaka mvua zije! Nimewapikia, afande, na mnanipigia mahindi yangu!"

Labda ni kilio kile. Labda ni njaa. Sajini aliirudisha bunduki mahali pake, akainyanyua meza, akakiweka kigoda sawa.

"Basi, mama. Tumekupunguzia panya. Pika."

Akapika. Alisaga pilipili zilizolainika kwenye jiwe pamoja na jira na kitunguu saumu, akauchuja mchuzi, akaukaanga katika mafuta mpaka ukaiva na kuwa mwekundu kama udongo baada ya mvua, akarudisha nyama, akarudisha viazi. Wakala mezani wote wanne, wakichota kwa mikate ya mahindi. Jambo lililomuumiza Otilia ni kwamba chakula kilikuwa kitamu. Hakuwahi kupika kitamu hivyo.

"Mama yangu," alisema sajini akijilamba kidole, lakini hakuendelea.

Alipokwisha kupanda farasi aligeuka. "Kesho tutapita tena. Iliyobaki usiwape mbwa."

Otilia alisimama mlangoni mpaka vumbi lao likatua barabarani, kisha akaendelea kusimama. Jua lilikuwa linainama juu ya mashamba. Hakutaka kuingia ndani. Kule nje bado angeweza kuamini lolote.

"Chona," aliita kutoka chini ya kilango. Hakuna jibu.

"Chona, wamekwenda."

Akaweka kigoda juu ya meza, akapanda. Alikuwa mzee kwa kazi hii. Akaingiza mkono gizani, akapapasa gunia, akapapasa vumbi, akapapasa kitambaa kilicholowa. Alipouvuta mkono aliutazama kwanza kabla ya kuuamini: yalikuwa mate na machozi, si damu. Akaupeleka tena. Vidole viwili vikaushika.

Chona alishuka kama kipofu. Macho yalikuwa yamevimba yakafumba, midomo imepasuka, na mtandio alioujaza kinywani ulikuwa umetobolewa na meno. Otilia alimkalisha chini, akamwosha macho kwa maji ya baridi, tena na tena. Alikuwa hajawahi kumgusa uso.

"Ulitaka kuniua?" Chona aliuliza, sauti yake kama mchanga.

Otilia aliukamua mtandio juu ya beseni.

"Sijui," alisema.

Chona akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea, na pengine aliloliheshimu. "Kukiwa giza nitaondoka."

"Utaondoka umeshiba."

Akampakulia vilivyobaki. Chona alikula kwa kupapasa, akilia kwa pilipili iliyomgusa midomo, akaendelea kula. Nje, upepo ulipiga lango la zizi, na wote wawili wakakakamaa, mkate mkononi, mpaka likapiga tena na wakajua ni lango tu.

"Fermín," alisema Otilia. Jina lile lilikuwa halijatoka kinywani mwake mbele ya mwanamke huyu tangu msiba. "Kule kivukoni. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Otilia akainuka, akakichungulia kijia cha barabara kwa ufa wa mlango. Kilikuwa kitupu, kadiri jicho lake lilivyoweza kuona katika mwanga ule. Akarudi, akavuta kigoda karibu, karibu mpaka magoti yao yakagusana, akageuza sikio moja kwa Chona na jingine akaliacha mlangoni.

"Nieleze," alisema. "Polepole. Na ukisikia farasi, nyamaza."